Mtoto ametendewa ukatili, kesi inasikilizwa mahakama ipi? Uzi kwa wazazi na walezi wa Arusha na Moshi

Mleta uzi:

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa sababu ya mama mmoja aliyezungushwa siku nne na mtoto mkononi, na sitaki mzazi mwingine azungushwe hivyo.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Arusha. Sio wakili. Kazi yangu ni kumsindikiza mtu kuanzia ofisi ya mtaa hadi mlango wa mahakama, kumsomea karatasi asizozielewa na kumwambia kesho aje na nini.

Januari moja, wiki ya kufungua shule, jirani yangu alinigongea saa tatu usiku. Desemba familia nzima ilikuwa imepanda Moshi kula sikukuu, kama nyumba nyingi za hapa zinavyofanya kila mwaka. Waliporudi, binti yake akawa hataki kulala peke yake, chakula hali, akiitwa anashtuka. Siku ya tatu akamwambia mama yake kilichotokea kule. Mtu mwenyewe ni ndugu, mtu mzima mwenye familia yake. Naishia hapo. Mtoto yule anasoma, ipo siku ataingia mitandaoni, sitaki aje ajikute humu.

Mama alikuwa ameshaanza kuhangaika kabla ya kunifikia. Ofisi ya mtaa walimwambia aende Mahakama ya Mwanzo. Pale karani akamwambia mambo ya watoto yana Mahakama ya Watoto. Akaulizia Mahakama ya Watoto, akajibiwa kwamba hiyo ni ya watoto waliofanya makosa, wa kwake hajafanya kosa. Kituo cha polisi alichopitia wakamwambia tukio ni la Moshi, arudi Moshi. Siku nne zikaisha, nauli ikaisha, na yule ndugu ameshapigiwa simu na kuonywa kwamba "mambo yamelipuka".

Kati ya wote waliomjibu, ni mmoja tu aliyekuwa karibu na ukweli, yule wa Mahakama ya Watoto, na hata yeye alimwachia pale pale bila kumwonyesha pa kwenda. Ndiyo maana naanza na hiyo.

Watu wengi tunaamini kwamba kesi ikimhusu mtoto, basi inakwenda Mahakama ya Watoto. Jina lenyewe linatuvuta kuamini hivyo. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa mahakama hiyo kazi mbili kubwa. Moja ni kusikiliza mashtaka ya jinai DHIDI ya mtoto, yaani mtoto ndiye mshtakiwa. Ya pili ni maombi ya malezi, matunzo na ulinzi wa mtoto. Mtu mzima aliyembaka mtoto, aliyemlawiti, aliyemkeketa, hashtakiwi huko. Anashtakiwa kwenye mahakama zile zile wanakoshtakiwa watu wazima: Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi. Akiwa ameua, kesi inasikilizwa Mahakama Kuu, baada ya kupitia kwanza mahakama ya chini kwa hatua za awali.

Kwa maneno mengine, anayechagua mahakama ni mshtakiwa na kosa lake. Umri wa mtoto aliyeumizwa hauhamishi kesi. Kazi yake ni nyingine: unaamua uzito wa adhabu, na unaamua mtoto asikilizwe vipi.

Kwenye adhabu mtaona ninachosema. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema msichana wa chini ya miaka 18 hata akidaiwa "alikubali", ni ubakaji. Kifungu cha 131 kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na fidia kwa aliyetendewa. Kama mtoto ana chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Kulawiti mtoto wa chini ya miaka 18 nako ni maisha. Na hukumu hizo zinatolewa na mahakama ya wilaya ya kawaida kabisa. Nimesikia watu wakisema "hiyo kesi nzito, hakimu wa wilaya haiwezi, lazima Mahakama Kuu". Anaiweza, na kila siku anazisikiliza.

Sasa umri. Kwa kuwa miaka 10 na miaka 18 ndiyo mipaka, umri wa mtoto lazima uthibitishwe mahakamani. Kuandika tu kwenye hati ya mashtaka hakutoshi. Mahakama ya Rufani katika rufaa ya Issaya Renatus ilieleza kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kama kipo. Jirani yangu hakuwa na cheti. Alikuwa na kadi ya kliniki. Aliitoa kwenye pindo la khanga, imekunjwa mara nne, pembeni imelika, lakini tarehe ya kuzaliwa ilisomeka kwa wino wa bluu wa nesi, na chini yake safu ya chanjo na uzito, mwezi kwa mwezi hadi miaka mitano. Niliishika ile kadi nikasema mama, hii usimwachie mtu bila kubaki na nakala. Tulikwenda kutoa nakala tatu asubuhi hiyo hiyo kabla ya kwenda popote.

Naendelea chini, kwanza niwasikie.

Kiboriloni:

Asante sana dada. Swali langu ni hilo la Moshi na Arusha. Mtoto anaishi Arusha, tukio limetokea Moshi. Kesi iko wapi?

Mleta uzi:

Kiboriloni, kanuni ni kwamba kosa linasikilizwa na mahakama yenye mamlaka mahali kosa lilipotendeka. Mtoto anapoishi sio hoja. Kama ni Kilimanjaro, kesi ni ya Kilimanjaro.

Ila hapa nina ombi. Sisi wa Arusha tuna tabia ya kusema "nimeenda Moshi" hata mtu akienda Machame, Marangu au Rombo. Kwenye maelezo ya polisi usiseme hivyo. Machame iko wilaya ya Hai, mahakama yake ya wilaya ni Bomang'ombe. Kibosho na Marangu ni wilaya ya Moshi. Rombo wana ya kwao kule Mkuu. Ukisema "Moshi" kwa jumla, hati ya mashtaka inaweza kuandikwa hivyo hivyo, halafu shahidi anakuja mahakamani anataja kijiji cha wilaya nyingine, wakili wa mshtakiwa anapata pa kushika. Taja kijiji, kitongoji, nyumba ya nani, karibu na kanisa gani au shule gani.

Na lile la "rudi Moshi ukaripoti" halikuwa jibu sahihi. Taarifa unaitoa kituo kilicho karibu nawe, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kama lipo. Maelezo yanachukuliwa, mtoto anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, anakwenda hospitali. Jalada ndilo linalosafiri kwenda wilaya ya tukio, sio mtoto. Tulivyorudi kituoni mara ya pili tukamkuta askari wa dawati, mwanamke mtaratibu, akamkalisha mtoto kwenye kiti pembeni ya meza yake badala ya mbele yake, akaanza kwa kumuuliza anasoma darasa la ngapi. Jalada likaenda Kilimanjaro kabla ya wiki kuisha.

Kama tukio ni jipya, msianze na mahakama wala mtaa. Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Msimwogeshe mtoto, nguo zake msizifue.

Mama Kijenge:

Mimi nimekwama hapa kwenye Mahakama ya Mwanzo. Mbona kuna kesi ya mtoto jirani yetu alipigwa na mama wa kambo hadi akavunjwa mkono, ikaishia Mahakama ya Mwanzo na faini?

Mleta uzi:

Mama Kijenge umegusa penyewe, na hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote humu.

Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka juu ya ubakaji, ulawiti na makosa makubwa ya aina hiyo. Lakini makosa madogo ya kushambulia mwili inayasikiliza. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kosa LINAPEWA JINA GANI siku ya kwanza pale kaunta. Kitendo ni kile kile, mkono uliovunjika ni ule ule. Kikiandikwa "shambulio" tu kinakwenda Mahakama ya Mwanzo na kinaweza kuisha kwa faini. Kikiandikwa kusababisha madhara makubwa, au ukatili kwa mtoto, kinapanda ngazi, kinapata mwendesha mashtaka wa serikali na hakimu wa wilaya.

Nimeona pia kitendo cha mtu mzima kumshika mtoto sehemu za siri kikiandikwa "shambulio la kawaida" kwa sababu aliyekuwa zamu aliona "hakuna kilichoingia". Hapana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la udhalilishaji mkubwa wa kijinsia na unyonyaji wa kijinsia wa watoto. Kosa kamili lina jina lake na adhabu yake nzito.

Kwa hiyo ukishapewa RB, ile karatasi ya polisi yenye namba ya taarifa yako, usiikunje ukaondoka. Isome pale pale. Uliza, "Afande, hapa mmeandika kosa gani?" Ukiona shambulio na mtoto amefanyiwa jambo kubwa, omba kwa adabu kuonana na mkuu wa kituo au mkuu wa upelelezi wa wilaya, au nenda ofisi ya Mashtaka ya Taifa ya mkoa wako. Arusha wapo, Moshi wapo. Hati ya mashtaka mwisho wa siku ni yao, na inaweza kurekebishwa mapema kabla mambo hayajaenda mbali. Ikishasikilizwa kwenye mahakama isiyo na mamlaka, mwenendo wote unakuwa batili. Hapo mtoto anaambiwa aje aanze kusimulia upya baada ya mwaka au miaka miwili, na mtoto wa miaka minane anakuwa na kumi, nusu ya aliyokuwa anayakumbuka vizuri yamepotea.

Dereva wa Hiace:

Kwetu mambo haya yanamalizwa na wazee. Mbuzi na debe la mbege, mtu anaomba radhi, ukoo unaendelea. Kesi zinavunja familia dada. Miaka 30 mtu akafie gereza la Karanga?

Mleta uzi:

Kaka, nakujibu kwa heshima, kwa sababu najua hujaandika kwa ubaya na wengi wanafikiri hivyo ila hawaandiki.

Wazee wana kazi yao. Shamba, mpaka, mahari, ugomvi wa ndugu wa kugombana maneno, hapo wakae. Hata mahakama yenyewe inaruhusiwa na sheria ya mwenendo wa jinai kuwapatanisha watu kwenye makosa madogo ya binafsi. Lakini sheria imetoa nje ya upatanisho makosa makubwa ya jinai, na hili ni kosa kubwa. Baraza la kata halina mamlaka. Kikao cha ukoo hakina mamlaka. Hata mama mzazi hana mamlaka ya "kusamehe" ili kesi ife, kwa sababu kesi sio ya mama. Ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na wa kuiondoa mahakamani ni upande wa mashtaka. Mzazi anayepokea mbuzi anachofanya ni kumnyamazisha shahidi.

Kikao cha jirani yangu kilikaliwa. Ndugu walitoka Kilimanjaro asubuhi na mapema, wakaja Arusha na gari, na mbuzi nyuma. Walikaa sebuleni, wanaume saba. Binti alikuwa chumbani, ukuta wa mbao, anasikia kila neno. Mmoja akasema, na nilikuwepo, "Tusiharibu maisha ya mtu kwa jambo lililokwisha." Mama hakujibu. Alisimama, akaingia chumbani, akatoka na sweta la shule la mtoto, akaliweka juu ya meza katikati yao, mbele ya vikombe vya chai. Wakaondoka bila kumaliza chai.

Familia ilivunjika, ndiyo. Ila kaka, aliyeivunja ni nani?

Na sheria haimwachi jirani kando. Sheria ya Mtoto inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Simu ya 116 ni bure, ni ya huduma kwa mtoto, inapokelewa kwa Kiswahili.

Binti wa Themi:

Na hapo wanaposema "basi tutamuoza kwake"? Kuna ndoa imefungwa mtaani kwetu binti akiwa na mimba ya kidato cha pili.

Mleta uzi:

Ndoa ya namna hiyo haifuti kosa lililotangulia, na kwa mwanafunzi inaongeza kosa jingine. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanasema anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 na baadaye Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na Katiba.

Mwalimu wa Zamu:

Naomba kuuliza la upande wa pili. Shuleni kwetu aliyemfanyia mtoto wa darasa la tatu ni mvulana wa kidato cha pili, ana miaka 15. Naye anapelekwa Mahakama ya Wilaya?

Mleta uzi:

Mwalimu, ahsante. Hapa sasa ndipo Mahakama ya Watoto inapoingia. Mshtakiwa akiwa chini ya miaka 18, kesi ni ya huko, hata kama kosa ni ubakaji. Ila mauaji yana utaratibu wake, yanakwenda Mahakama Kuu.

Usitegemee kukuta jengo lenye kibao hicho. Majengo maalum ya Mahakama ya Watoto nchini ni machache sana, Kisutu Dar es Salaam na Mbeya ndiyo yanayojulikana. Kwingine hakimu mkazi aliyepangiwa anakaa kama Mahakama ya Watoto, kwenye chumba kingine au siku nyingine mbali na kesi za watu wazima. Afisa ustawi wa jamii lazima awepo, mzazi wa mtuhumiwa awepo, watu wa nje hawaingii. Akinyimwa dhamana hakai mahabusu ya wakubwa, anapelekwa mahabusu ya watoto, Arusha ipo na Moshi ipo. Na Sheria ya Mtoto inasema wazi kwamba mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Kuna amri za uangalizi, kuna shule ya maadilisho, ile ya Irambo, Mbeya.

Najua wazazi wa aliyeumizwa wanachukia wakisikia hivyo. Nimekaa nao, nimewaona wanavyolia. Nawaambia hivi: yule wa miaka 15 naye ana mtu aliyemfundisha, au kuna jambo lilimpata na halikuripotiwa. Mahakama ile imewekwa ili hilo nalo lijulikane. Mtoto aliyeumizwa bado anasikilizwa, bado ni shahidi, bado anastahili matibabu na ulinzi.

Kuna mlango wa pili wa Mahakama ya Watoto ambao wengi hawautumii. Chukulia mtuhumiwa ni baba wa kambo, ametoka kwa dhamana, na nyumba ni moja. Kesi ya jinai iko Mahakama ya Wilaya. Wakati huo huo afisa ustawi anaweza kwenda Mahakama ya Watoto kuomba amri ya malezi au uangalizi ili mtoto akae mahali salama, kwa bibi, kwa shangazi, au kwa familia ya kuaminika. Mahakama mbili kwa wakati mmoja, mtoto mmoja. Hilo linaruhusiwa. Msisubiri ya kwanza iishe ndipo muanze ya pili.

Kiboriloni:

Dada, nimepita Kituo Jumuishi hapo Arusha wiki iliyopita, nikaona mahakama zote ndani ya jengo moja. Mtu atajuaje aingie wapi?

Mleta uzi:

Ni kweli. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Arusha ni kati ya vile 6 vilivyozinduliwa Oktoba 2021, na maana yake ni ngazi mbalimbali chini ya paa moja, kuanzia Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Inapunguza nauli, nashukuru. Lakini jengo kuwa moja hakujachanganya mamlaka. Uliza mapokezi kwa kutaja namba ya kesi na aina yake: "kesi ya jinai, Mahakama ya Wilaya". Na wewe kama mzazi hufungui kesi ya ubakaji mwenyewe mahakamani. Inafunguliwa na waendesha mashtaka wa serikali. Ukiona mtu anakutoza pesa "ya kufungua jalada la jinai", huyo anakuibia.

Dereva wa Hiace:

Na hii mahakama kubwa ya Afrika iliyopo hapa hapa Arusha? Si waende huko moja kwa moja?

Mleta uzi:

Huko hawashtakiwi watu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inasikiliza malalamiko dhidi ya nchi. Zaidi ya hapo, Tanzania ilitoa taarifa Novemba 2019 ya kuondoa tamko lililokuwa linaruhusu mwananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Na ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda, iliyokuwa kwenye jengo la mikutano la AICC, ilikuwa ya mambo ya Rwanda ya 1994 tu, ingawa ni hapa hapa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998 kwenye kesi ya Akayesu, ilipotamkwa kwa mara ya kwanza na mahakama ya kimataifa kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wazee wa Arusha wanaikumbuka misafara yake. Kwa mtoto wako, rufaa inapanda hivi: Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu (Moshi wana kanda yao, Arusha wana yao), kisha Mahakama ya Rufani.

Mama Kijenge:

Mimi ninaogopa kitu kimoja. Mtoto kusimama mbele ya watu aseme. Wa kwangu hawezi.

Mleta uzi:

Mama, hasimami mbele ya watu. Kesi zote za makosa ya kujamiiana ushahidi unachukuliwa faragha, na sheria inakataza vyombo vya habari kuchapisha ushahidi huo na mashahidi. Ndiyo maana nawasihi wote humu: picha ya mtoto, sare ya shule, jina la baba, msiweke. Mnadhani mnamtetea.

Siku ya binti wa jirani, kule Kilimanjaro, tulikaa kwenye benchi la nje pamoja. Alikuwa amevaa viatu vya shule, miguu haifiki chini, anaipunga taratibu. Askari akafungua mlango, watu waliokuwa ndani wakatoka wote, mmoja mmoja, hata wale waliokuja kwa kesi nyingine. Akaitwa. Akanipa sweta lake nimshikie. Mlango ukafungwa.

Ndani, kwa mtoto wa miaka 14 kushuka chini, sheria tangu marekebisho ya 2016 inamruhusu atoe ushahidi bila kiapo, lakini lazima kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Katika rufaa ya Godfrey Wilson Mahakama ya Rufani ilieleza hakimu amuulize maswali mepesi, umri wake, dini yake, kama anaelewa kiapo ni nini, na kama ataahidi kusema ukweli. Ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo. Washtakiwa wameachiwa huko juu kwa sababu ahadi haikuandikwa. Mzazi huwezi kumfundisha hakimu kazi, lakini unaweza kumkumbusha mwendesha mashtaka kabla hamjaingia. Nilimkumbusha. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake.

Na usimkaririshe mtoto. Maneno ya kukariri yanajulikana. Mwambie tu aseme kilichotokea, na asichokijua aseme hajui. Ushahidi wake peke yake, mahakama ikiridhika kuwa anasema kweli, unatosha kumtia mtu hatiani kwenye makosa haya. Tangu kesi ya Selemani Makumba mwaka 2006, mahakama zetu zinarudia kwamba ushahidi bora wa ubakaji unatoka kwa aliyetendewa.

Alitoka baada ya muda, akachukua sweta lake, akauliza kama tunaweza kupita kununua ndizi za kuchoma stendi kabla ya kupanda gari. Tulipita.

Binti wa Themi:

Dada nimekutumia ujumbe pembeni. Ni kuhusu yule binti wa kidato cha pili niliyemtaja. Mama yake amekubali, anasema yuko tayari kesho.

Mleta uzi:

Nimeuona. Saa mbili asubuhi, nje ya kituo, upande wa dawati. Mje na binti, na nguo ya kubadili kama hospitali itachelewa. Cheti cha kuzaliwa kama hakipo msikae mnakitafuta, kadi ya kliniki inatosha kuanzia. Kama nayo haionekani, mama mwenyewe aje, ndiye anayejua alijifungua lini. Na barua ya shule inayoonyesha kuwa ni mwanafunzi.